Nadharia ya Bharatanatyamu kwa anayeanza: ipitishe mwilini kwanza

Mwalimu aliyenifundisha Bharatanatyamu, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, huko Chennai, hakuwa na kipindi cha nadharia. Alikuwa na ubao wake na fimbo ya kugongea mapigo, na kila neno la kitabuni lilikuja katikati ya mazoezi, magoti yakiwa yanatetemeka. Anakusimamisha ulipo, anakuuliza mkono ulioshika unaitwaje na una kazi gani nyingine, halafu mnaendelea. Sasa nafundisha mwenyewe Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, watoto wanaokuja baada ya shule na watu wazima wachache wanaotoka kazini, na njia yangu ni hiyo hiyo. Ninayemwandikia hapa ni mwanafunzi wa Bharatanatyamu ambaye ameshaanza kucheza, adavu zake, yaani hatua za msingi, anazijua, na sasa anaambiwa kuna nadharia: iwe kwa ajili ya mtihani, iwe kwa ajili ya arangetramu, onyesho lake la kwanza la peke yake.

Vitabu vingi vya mitihani huanza na miungu na historia, vikaja kwenye mikono, vikamalizia na tala, yaani mizunguko ya mapigo. Mimi naugeuza mpangilio huo. Anza na tala, nenda kwenye mikono, kisha hisia, halafu ndipo mpangilio wa onyesho na historia. Tala unaweza kuihakiki mwenyewe leo hii bila mtu wa kukusimamia, maana ukiikosea unasikia. Ukishaizoea hiyo hali ya kujipima kwa mwili, hutakubali tena kukariri neno ambalo hujui linakaa wapi mwilini mwako.

Tala

Kaa chini, kunja miguu, weka mkono wa kulia juu ya paja. Piga kiganja: moja. Gusisha kidole cha mwisho: mbili. Cha pete: tatu. Cha kati: nne. Piga kiganja tena: tano. Geuza kiganja kitazame juu: sita. Piga: saba. Geuza: nane. Hiyo ni Adi tala, mapigo 8, na sehemu kubwa ya utakachocheza miaka yako ya mwanzo imo humo. Rudia mpaka mkono uende wenyewe huku unazungumza na mtu habari nyingine kabisa.

Hapo umeshashika vipande viwili kati ya vitatu vinavyojenga tala za muziki wa kusini mwa India. Kiganja pamoja na hesabu ya vidole ni laghu. Kiganja na kugeuza ni drutamu, na drutamu daima ina mapigo 2. Cha tatu ni anudrutamu, kiganja peke yake, pigo 1. Kwenye karatasi laghu huandikwa mstari wima wenye namba yake pembeni, drutamu huandikwa duara, anudrutamu huandikwa nusu duara. Kwa hiyo Adi tala ni I4 O O.

Kinachobadilika ni laghu. Inaweza kuwa ya mapigo 3 (tisra), 4 (chatusra), 5 (khanda), 7 (misra) au 9 (sankirna). Hizi ndizo jati tano. Angalia kwamba 6 na 8 hazimo, kwa sababu 6 ni tatu mbili na 8 ni nne mbili. Watahini hupenda kuuliza. Kisha kuna maumbo saba ya tala: Dhruva ni I O I I, Matya ni I O I, Rupaka ni O I, Jhampa ni I U O, Triputa ni I O O, Ata ni I I O O, na Eka ni I peke yake. Saba mara tano ni 35. Tafadhali usikariri tala 35. Kariri maumbo saba na namba tano, kisha piga hesabu: Ata ya khanda ni 5+5+2+2, yaani 14, Jhampa ya misra ni 7+1+2, yaani 10, Rupaka ya chatusra ni 2+4, yaani 6. Na Adi tala jina lake kamili ni Triputa ya jati ya chatusra. Kila unayoipigia hesabu, ipige na kwa mkono hapo hapo. Misra inahitaji vidole 6 baada ya kiganja: ukimaliza kidole cha mwisho, pete, kati, shahada na gumba, unarudi cha mwisho.

Sasa sehemu inayowapoteza hata wanaocheza vizuri. Majina yale yale matano, tisra hadi sankirna, yanatumika tena kwa jambo la pili, yaani gati, ambayo kwa Kitamili huitwa nadai. Jati inakwambia laghu ina mapigo mangapi. Gati inakwambia ndani ya pigo moja mna vipande vingapi. Piga Adi tala ya kawaida, na ndani ya kila pigo sema "ta ka dhi mi": hiyo ni gati ya chatusra. Usibadilishe mwendo wa mkono, sema "ta ki ta" ndani ya kila pigo: umeingia gati ya tisra, na tala haijabadilika hata kidogo, bado ni mapigo 8. Khanda husemwa "ta ka ta ki ta", misra "ta ki ta ta ka dhi mi", sankirna "ta ka dhi mi ta ka ta ki ta". Tala 35 kwa gati 5 ndiyo ile 175 utakayoiona vitabuni. Mwanafunzi aliyeifanya hii kwa mkono na mdomo haulizwi mara mbili. Aliyeisoma tu huandika jati anapotakiwa gati.

Zoezi la kila siku: chukua tatta adavu, "tai ya tai hi". Kaa, piga tala, isome kwa mwendo wa kwanza, kisha wa pili ambao ni maradufu, kisha wa tatu ambao ni maradufu tena. Mkono usikimbie. Baadaye simama, ingia aramandi (magoti yamekunjwa na kuelekea nje), mguu ufanye yale yale na mdomo usinyamaze. Ukiweza kuitamka huku unaicheza kwa miendo mitatu, sehemu ya nadharia inayohusu kala, yaani miendo, umeimaliza.

Neno moja kwa waliopitia Kathaki, ngoma ya kaskazini mwa India, kabla ya kuja kwetu. Tala za kaskazini mwa India zinahesabiwa kwa utaratibu mwingine. Tintali, kwa mfano, ina matra (mapigo) 16 zilizogawanywa nne nne, kofi linapigwa kwenye 1, 5 na 13, na kwenye 9 mkono unapungwa bila kupigwa. Huko hakuna laghu wala drutamu za aina hii. Usichanganye taratibu hizi mbili kwenye jibu moja.

Vitabu viwili, hesabu mbili

Kabla ya mikono lazima ujue unasoma kitabu gani. Vipo viwili vinavyotajwa kila siku. Natya Shastra, inayonasibishwa na Bharata Muni, wataalamu wengi huiweka kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na 200 baada ya Kristo. Ni kitabu kikubwa cha beti zipatazo 6,000, chenye sura 36 katika nakala nyingi, nacho kinagusa kila kitu cha jukwaani: jengo lenyewe, mavazi, vilemba, ala, sauti, hisia, ngoma. Humo ndimo mna kisa cha mungu Brahma kutunga Veda (kitabu kitakatifu cha Wahindu) ya tano kwa ajili ya watu wote, akichukua maneno kutoka Rigveda, nyimbo kutoka Samaveda, abhinaya (uonyeshaji wa maana) kutoka Yajurveda, na rasa (ladha ya hisia) kutoka Atharvaveda. Kisa hiki kijue vizuri, kinatoka kwenye mitihani ya ngazi zote.

Abhinaya Darpana ya Nandikeshvara ni fupi, inahusu mwili wa mchezaji moja kwa moja, na ndiyo tunayoifuata darasani kwa mikono, macho na shingo. Sasa ona: Natya Shastra ina mikono 24 ya mkono mmoja na 13 ya mikono miwili, Abhinaya Darpana ina 28 na 23. Miendo ya kichwa ni 13 kwa Bharata na 9 kwa Nandikeshvara. Mitazamo ni 36 kwa Bharata na 8 kwa Nandikeshvara. Mwanafunzi anayesoma huku na huku anakutana na namba zinazopingana, anadhani mmojawapo kakosea, anavunjika moyo. Hakuna aliyekosea. Ni vitabu viwili. Kila unapoandika namba, andika na jina la kitabu mbele yake, na hutagombana na mtu.

Mikono

Asamyuta hasta 28, yaani ishara za mkono mmoja za Abhinaya Darpana, zimepangwa kwenye shloka (beti za Kisanskriti) kwa mpango ambao mwili unaupenda, na huu ndio ufunguo ambao sioni watu wakiutumia vya kutosha: kwa sehemu kubwa ya orodha, mkono mmoja unazaa ufuatao. Fungua kiganja, nyoosha vidole vyote vishikane, kunja gumba kidogo: pataka. Kunja kidole cha pete: tripataka. Ongeza cha mwisho: ardhapataka. Vile viwili vilivyobaki vitenganishe kama mkasi uliofunguka: kartarimukha. Sasa kidole cha pete kiguse gumba, vingine vinyooke: mayura, tausi. Rudi pataka, tupa gumba nje: ardhachandra, nusu mwezi. Rudi pataka, kunja kidole cha shahada: arala. Kunja na cha pete: shukatunda, mdomo wa kasuku. Funga vyote: mushti, ngumi. Inua gumba: shikhara. Lete kidole cha shahada juu ya gumba: kapittha. Ongeza cha kati kiguse pamoja nao, viwili vilivyobaki viinuke: katakamukha. Nyoosha shahada peke yake: suchi, sindano. Tanua gumba: chandrakala, mwezi mchanga.

Umefika mkono wa 14 na hujakariri kitu, umekunja na kukunjua tu. Nusu ya pili inaanza na padmakosha, chipukizi la yungiyungi, inapita kichwa cha nyoka, kichwa cha paa, uso wa simba, kangula, alapadma, chatura, nyuki, mdomo wa bata bukini, ubawa wake, sandamsha, mukula, jogoo, na kuishia trishula. Hapa mnyororo haushiki kila mahali, kwa hiyo zifanye tatu tatu. Sema jina, fanya mkono, tazama mkono, usiende mbele mpaka vidole vimenyooka kweli. Alapadma iliyolegea ni kosa la nadharia kama ilivyo kosa la mazoezi.

Shloka isomwe kwa sauti na kwa mahadhi yake. Wanafunzi wangu waliopita madrasa wana faida kubwa hapa: wamezoea kusoma maneno ya lugha nyingine kwa sauti, kwa pumzi moja, sikio likishika kabla ya akili. Soma hivyo hivyo. Kusoma kimya kimya kwenye simu hakushiki.

Baada ya majina inakuja kazi ya kila mkono, viniyoga, na hapa ndipo nadharia inapoanza kuwa na utamu. Pataka peke yake ina matumizi mengi: kuanza ngoma, mawingu, msitu, kukataza, usiku, mto, mbingu ya miungu, farasi, kukata, upepo, kulala, na mengine yanaendelea. Wanafunzi huuliza mkono mmoja utakuwaje mto na usiku na farasi. Hauwi peke yake. Fanya mawingu kwa pataka mbili zinazopita juu ya kichwa, macho yakifuata juu. Shusha mikono hiyo hiyo, itikise taratibu kwa mawimbi upande mmoja, macho chini: mto. Mkono haujabadilika hata kidole kimoja; kimebadilika mahali, mwendo na macho. Ndiyo maana Abhinaya Darpana inasema mkono unakokwenda macho yaende, macho yanakokwenda akili iende, akili inakokwenda bhava (hisia) iende, na bhava ilipo ndipo rasa inapozaliwa. Ubeti huo uandike ukutani kwako. Ni kanuni ya kazi: ukifanya viniyoga za pataka bila macho, umefanya mazoezi ya vidole.

Chagua matumizi matatu ya kila mkono na uyafanye mpaka mtu asiyejua lolote akisimama mlangoni aweze kukisia. Shikhara: upinde, nguzo, mume. Kisha tafuta mikono hiyo ndani ya ngoma unayoicheza sasa hivi na uiwekee alama kwenye daftari.

Mikono miwili, samyuta, 23, inaanza na anjali. Kinachotahiniwa sana hapa ni anjali yenyewe: juu ya kichwa ni kwa miungu, mbele ya uso ni kwa guru, kifuani ni kwa wenye elimu. Baada ya hizo zipo hasta za miungu, za avatara kumi za Vishnu, za sayari tisa, na za jamaa. Hizi za jamaa nazipenda kuanza nazo kwa watoto, maana zina mantiki nyepesi: shikhara husimama kwa mwanamume na mrigashirsha, kile kichwa cha paa, kwa mwanamke, kwa hiyo mke na mume, dampati, ni shikhara kushoto na mrigashirsha kulia. Ukishika hilo, hasta nyingine za jamaa zinafuata bila shida.

Kichwa, macho na shingo sitakaa navyo sana. Ni orodha fupi, zina shloka zake, na zinafanywa kila siku mwanzoni mwa mazoezi. Fanya mbele ya kioo, mabega yasisogee unapofanya shingo. Basi.

Nrita, nritya, natya, na abhinaya nne

Nrita ni ngoma tupu ya mwili na mapigo, haisimulii. Nritya ni ngoma yenye maana na hisia. Natya ni maigizo kamili. Usizieleze kwa ufafanuzi tu, toa mfano kutoka vipande vya onyesho: jatisvaramu ni nrita, padamu ni nritya. Varnamu ina zote mbili kwa zamu, na ukisema hivyo kwenye jibu mtahini anajua umeicheza au umeitazama kwa makini.

Abhinaya ni nne: angika ya mwili, vachika ya maneno na wimbo, aharya ya mavazi na mapambo, sattvika ya hisia za ndani zinazotokea nje. Zote nne zimo kwenye dua ile tunayoanza nayo, "Angikam bhuvanam yasya", ambayo inamsifu Shiva kwamba mwili wake ni ulimwengu, maneno yake ni lugha yote, mapambo yake ni mwezi na nyota, na yeye mwenyewe ndiye sattvika. Ninao wanafunzi Waislamu na Wakristo, na huwa nawaambia mapema, mbele ya wazazi wao, kwamba hii ni dua kwa Shiva, ili kila mtu aamue kwa uwazi jinsi ya kuisoma: kama ibada au kama matini ya somo. Jambo hili liseme mwanzo, usimfiche mtu.

Rasa, sehemu inayohitaji muda

Wengi wakisikia navarasa, yaani rasa tisa, hukimbilia uso: macho makali ni hasira, midomo chini ni huzuni. Huo ni mchezo wa picha. Nadharia ya rasa ni ya ndani zaidi, na mahali pa kuanzia ni swali moja: rasa iko kwa nani? Iko kwa mtazamaji. Mchezaji anajenga bhava. Mtazamaji ndiye anayeonja rasa. Usipoliweka hilo sawa, kila kitu kitakachofuata kitapinda.

Bharata aliweka kanuni kwa maneno machache: rasa inatokea pale vibhava, anubhava na vyabhichari bhava zinapokutana. Chukua kisa ambacho karibu kila mchezaji hukutana nacho. Krishna mdogo ameshitakiwa na wenzake kwamba amekula udongo. Mama yake Yashoda anamwamuru afungue kinywa. Anafungua, na ndani ya kinywa kile Yashoda anaona ulimwengu mzima.

Sasa kipasue. Vibhava ni chanzo, nacho kina pande mbili: yule anayesababisha, yaani Krishna, na kile kinachochochea, yaani kinywa kilichofunguka na ulimwengu uliomo. Anubhava ni kile mwili wa Yashoda unachoonyesha kama matokeo: macho yanapanuka, mkono uliokuwa umeinuliwa kumkemea unabaki hewani, mwili unarudi nyuma nusu hatua. Vyabhichari ni hisia za kupita, zinazoingia na kutoka: shaka kidogo, fadhaa, labda furaha. Na hisia inayokaa chini ya zote, sthayi bhava, ni vismaya, mshangao. Hiyo ndiyo inayoiva ikawa adbhuta kwa anayetazama. Fanya kipande hiki polepole. Simama kwenye kila hatua na useme jina lake kwa sauti. Kisha kifanye bila kusema kitu. Ukikifanya hivyo kwa muda, jibu la mtihani kuhusu rasa utaliandika bila kutafuta maneno.

Hesabu zake ni hizi. Sthayi bhava 8: rati (mapenzi), hasa (kicheko), shoka (huzuni), krodha (hasira), utsaha (ari), bhaya (hofu), jugupsa (kinyaa), vismaya (mshangao). Kila moja ina rasa yake kwa mpangilio huo huo: shringara, hasya, karuna, raudra, vira, bhayanaka, bibhatsa, adbhuta. Vyabhichari 33. Sattvika bhava 8: kuganda, kutoka jasho, kusisimka, sauti kukatika, kutetemeka, kubadilika rangi, machozi, kuzimia. Jumla ni 49. Sasa, rasa ya tisa, shanta, utulivu, ilikuja baadaye. Aliyeitetea kwa nguvu zaidi ni Abhinavagupta wa Kashmir, karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo ukiulizwa Bharata anataja rasa ngapi, jibu la mwendo wa kawaida ni 8. Tunacheza tisa leo, na historia ya hiyo tisa ijue.

Kuhusu nayika nane, yaani wanawake wanaopenda katika hali nane, tatizo ni kwamba tatu kati yao zinafanana kwa haraka. Zitenganishe kwa kuuliza mwanamume yuko wapi. Virahotkanthita: mwanamume amechelewa, mwanamke anamsubiri kwa hamu na wasiwasi. Vipralabdha: aliahidi na hakuja, na sasa mwanamke anajua amedanganywa, anavua vito. Proshitabhartrika: mume yuko safari ya mbali. Ukishaziweka hizo, zinazobaki zinakaa zenyewe: svadhinabhartrika ambaye mpenzi anamtii, vasakasajja anayepamba chumba na kujipamba, khandita ambaye mwanamume anarudi alfajiri na alama za mwanamke mwingine mwilini, kalahantarita aliyemfukuza kwa ugomvi na sasa anajuta, na abhisarika anayetoka usiku kumfuata mpenzi wake. Padamu za Kshetrayya, mshairi wa Kitelugu wa karne ya 17, zimejaa khandita. Mtafute mwimbaji mzuri usikilize hata kama maneno huyaelewi, halafu mwombe mwalimu akufasirie mstari kwa mstari.

Margamu na watu walioijenga

Mpangilio wa onyesho, margamu, ni alaripu, jatisvaramu, shabdamu, varnamu, padamu, javali, tilana. Ulisukwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwenye baraza la kifalme la Thanjavur, kusini mwa India, na ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Usiishie kwenye majina ya vipande. Jua kwa nini kimoja kinatangulia kingine: alaripu inaamsha mwili kiungo baada ya kiungo kwa mapigo matupu, jatisvaramu inaongeza nota za muziki, shabdamu inaleta maneno kwa mara ya kwanza, varnamu inadai yote kwa pamoja na ndiyo ndefu kuliko zote, kisha padamu inatuliza mwili na kuacha uso ufanye kazi, na tilana inafunga kwa furaha ya mguu. Balasaraswati, mchezaji mashuhuri wa karne ya 20, aliufananisha mpangilio huu na kuingia hekaluni, kutoka lango kuu, kupitia eneo takatifu ambalo ni varnamu, hadi patakatifu pa ndani, ambapo ni padamu. Mimi sijapata maelezo bora ya kumpa mwanafunzi.

Na hapa nina ombi la dhati. Kwenye historia, usiruke kutoka kwenye sanamu za karana (mikao ya ngoma) 108 zilizochongwa kwenye malango ya hekalu la Chidambaram moja kwa moja hadi karne ya 20. Katikati wapo wanawake. Devadasi, waliowekwa wakfu hekaluni, na familia zao pamoja na walimu wao, ndio waliobeba ngoma hii vizazi kwa vizazi, ilipokuwa ikiitwa sadiri. Kampeni dhidi ya ngoma yao ilianza mwishoni mwa karne ya 19, na sheria ya Madras ya 1947 ikapiga marufuku kuwaweka wakfu. Kabla ya sheria hiyo, katika miaka ya 1930, ngoma ilipanda jukwaani kwa jina la Bharatanatyamu: E. Krishna Iyer aliipigania, Rukmini Devi Arundale, aliyejifunza kwa Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, alicheza hadharani 1935 na kuanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra 1936. Balasaraswati, aliyezaliwa 1918 kwenye familia ya urithi huo wa devadasi, aliendelea kucheza na alikataa wazo kwamba shringara, rasa ya mapenzi, inahitaji kusafishwa. Rukmini Devi na Balasaraswati walitofautiana kweli kweli. Jibu linalowataja wote wawili na kueleza walichotofautiana ni jibu la mtu mzima. Wanafunzi hucheza javali zilizotoka kwa wanawake wale huku daftari zao haziwataji kabisa, na hilo linaniuma.

Siku ya karatasi

Chukua kalamu ya risasi, utachora tala. Andika maumbo ya tala kwanza pembeni ya karatasi kabla hujasoma swali la pili, ili uyarejee. Kila namba iwe na kitabu chake. Kila istilahi iwe na mfano kutoka kwenye ngoma uliyoicheza mwenyewe, jina la kipande na tala yake, na raga (mpangilio wa nota) kama inayo, kwa mfano alaripu ya tisra unayoijua tangu mwaka wa kwanza. Swali la hasta likikuchanganya, weka kalamu chini, fanya mkono chini ya meza, na uanze pataka tena. Mnyororo utakupeleka mpaka kwenye jina unalolitafuta. Swali la tala likija, piga kwenye paja, taratibu, bila sauti, na uandike unachokihesabu.